Dakika 20 Baada ya Saa 8: Uchambuzi wa Siku Moja ya Safari ya Baiskeli Kando ya Bahari

Waendesha baiskeli wawili walipanga kusafiri kilomita 82 kwa siku moja kando ya bahari, kisha walale kwenye hema. Walifika kilomita ya 58 tu. Hakuna aliyeumia, na hakuna aliyeitwa kuja kuwaokoa. Kisa chao kinafaa kujifunzia kwa sababu hiyohiyo: makosa yao ni ya kila siku, na uamuzi uliowanusuru ulifanywa wakati bahari ilikuwa bado mbali na mchanga ukionekana mkavu kabisa. Majina, mahali na tarehe vimeondolewa. Wahusika tunawaita A na B.

## Hali ilivyokuwa kabla ya kuondoka

Njia ilikuwa na vipande vinne: kilomita 40 za lami, 18 za barabara ya udongo, 14 za ufukwe wenyewe, na 10 za njia nyembamba hadi mahali pa kulala. Kipande cha ufukwe ndicho kilichobeba siku nzima. Mchanga wake, bahari ikipwa, ni mgumu na unapitika kwa baiskeli yenye mzigo. Lakini kuna mambo mawili. Kuanzia kilomita ya 5 hadi ya 9 ya ufukwe huo kuna genge la udongo, yaani ukuta uliosimama wima, upande wa bara, na hakuna pa kupandia. Mwisho wa genge, kwenye kilomita ya 9, kuna mdomo wa kijito ambao huvukwa kwa miguu, baiskeli ikisukumwa au kubebwa. Asiyetaka kuvuka hana budi kuzunguka kwa barabara ya ndani, kilomita 27.

Siku hiyo ilikuwa ya pili baada ya mwezi mpevu, yaani bamvua, siku ambazo tofauti ya kupwa na kujaa huwa kubwa. Jedwali la maji lilionyesha kupwa saa 7:10 mchana na kujaa saa 1:22 usiku, tofauti ya kina ikiwa mita 3.6. Hapa inafaa kutaja jambo dogo lenye madhara makubwa: majedwali huandikwa kwa mfumo wa saa 24, na baadhi hutumia saa za kimataifa badala ya saa za mahali. Waliandika kwenye karatasi "13:10 = saa 7:10 mchana", kwa mifumo yote miwili. Anayebadilisha kichwani huku amechoka anaweza kukosea kwa saa sita nzima, na saa sita ndio umbali kati ya kupwa na kujaa.

Baiskeli ya A ilikuwa ya chuma, breki za ringi, gurudumu la nyuma lenye spoki 36, tairi za upana wa milimita 40. Alibeba kilo 24, na kati ya hizo 21 zilikuwa kwenye keria ya nyuma. Baiskeli ya B ilikuwa na breki za diski, mzigo wa kilo 19, ukigawanywa mbele na nyuma. Kila mmoja alianza na lita 3 za maji.

Mpango uliandikwa usiku wa kuamkia safari: kuondoka saa 12:00 asubuhi, kuingia ufukweni saa 6:00 mchana, kufika kijitoni saa 6:45, dakika 25 kabla ya kupwa kabisa. Pia waliandika mstari mmoja uliokuja kuwa muhimu kuliko yote: "Ikipita saa 8:00 mchana hatujaingia ufukweni, hatuingii."

## Mfululizo wa matukio

Saa 12:40 asubuhi. Waliondoka wakiwa wamechelewa dakika 40. Hema lilikuwa limelowa umande, wakasubiri likauke kidogo. Hema lililolowa hufungwa hivyohivyo na kuanikwa mchana wakati wa mapumziko, dakika 15 zinatosha.

Saa 3:00. Lami ikaisha. Kilomita 40 kwa saa 2 na dakika 20, bila upepo. Mapumziko ya dakika 20.

Saa 3:50, kilomita ya 46. Barabara ya udongo ilikuwa na vijituta vya mfululizo kama bati la paa. A alisikia mlio mkali mmoja, kama waya unaokatika, kisha gurudumu la nyuma likaanza kugusa breki kila zunguko. Alifungua breki kidogo na kuendelea.

Saa 4:10, kilomita ya 50. Mlio wa pili. Safari hii gurudumu liliyumba hadi tairi ikasugua fremu. Wakasimama.

Spoki mbili za upande wa kulia zilikuwa zimekatika kwenye kiwiko, pale zinapopinda kuingia kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu. Walikuwa na spoki za akiba tatu, urefu sahihi. Hazikuwasaidia. Spoki za upande wa kulia huingia nyuma ya kaseti ya gia (rundo la meno ya nyuma yanayoshika mnyororo), na kaseti haitoki bila kifaa chake cha kufungulia na mnyororo wa kuishikilia. Vyote viwili viliachwa ili kupunguza uzito.

Jaribio la kwanza lilikuwa kukaza spoki za kulia zilizo jirani na mapengo, zunguko mbili kila moja. Ringi ilirudi kiasi, lakini spoki hizo zikawa ngumu kupita kiasi na nipeli moja (nati ndogo inayokaza spoki kwenye ringi) ikaanza kulika pembe. Walipoteza karibu saa nzima. Jaribio la pili lilifaulu: waligeuza baiskeli juu chini, wakatoa vipande vilivyokatika visije vikanasa kwenye gia, wakarudisha zile zilizokazwa mahali pake, kisha wakalegeza spoki za *kushoto* zilizo pande zote mbili za kila pengo, nusu zunguko kwa zamu, wakizungusha gurudumu na kutazama nafasi kati ya ringi na raba ya breki. Waliacha ringi ikiyumba kama milimita 3, breki ya nyuma ikiwa wazi. Kilo 6 za mzigo wa A zilihamia kwa B, na kilo 4 zikafungwa kwenye usukani.

Saa 6:15 mchana. Wakaondoka tena, kwa mwendo wa kilomita 8 kwa saa. Upepo wa bahari ulikuwa umeshaanza, ukiwapiga usoni.

Saa 7:15. Kilomita ya 58, mwisho wa barabara ya udongo. Ufukwe ulikuwa mbele yao na bahari ilikuwa imepwa karibu kabisa. Lakini B alikuwa na kichwa kinachouma, kichefuchefu na misuli ya paja iliyokaza. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa maji matupu na kula kidogo sana. Alilazwa kivulini, shati likaloweshwa maji, akapewa lita moja ya mchanganyiko wa sukari na chumvi (vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikisawazishwa, kwa lita 1 ya maji safi), akinywa kidogokidogo. Alikuwa anatoka jasho na anajibu maswali vizuri. Kama angeacha kutoka jasho au kuanza kuchanganyikiwa, hiyo ingekuwa dharura ya kutafuta hospitali mara moja.

Saa 8:20. B alisimama, akasema anaweza kuendelea. Muda wa mwisho ulikuwa umepita kwa dakika 20.

## Maamuzi, na sababu zake

A alitaka waingie. Hoja yake haikuwa ya kijinga: bahari ilionekana mbali, mchanga ulikuwa mgumu, na dakika 20 ni kidogo. B alikataa, akaomba wapige hesabu kwanza.

Walitumia kanuni ya sehemu kumi na mbili. Maji hayapandi kwa kasi moja. Ukigawa muda wa kujaa katika vipindi sita vya karibu saa moja, kipindi cha kwanza maji hupanda sehemu 1 kati ya 12 ya tofauti yote, cha pili sehemu 2, cha tatu 3, cha nne 3, cha tano 2, cha sita 1. Kwa tofauti ya mita 3.6, kila sehemu ni sentimita 30. Kwa hiyo:

- kufikia saa 8:10, maji yamepanda mita 0.3
- kufikia saa 9:10, mita 0.9
- kufikia saa 10:10, mita 1.8
- kufikia saa 11:10, mita 2.7

Kwa gurudumu lile, mwendo wa mchangani usingezidi kilomita 9 kwa saa. Wangefika kijitoni saa 9:20, maji yakiwa juu kwa zaidi ya mita moja na kipindi chenye kasi kuliko vyote kikiwa kimeanza. Kama kijito kisingevukika, wangerudi kilomita 4 chini ya genge katika saa ambayo bahari inapanda mita 0.9 kwa saa. Mchanga mgumu ungekuwa umezama, wangesukuma kwenye mchanga laini wa juu, na huko mwendo ni wa kilomita 3 au 4 kwa saa. Hesabu hiyo ilimaliza mjadala. Upepo wa kutoka baharini nao huyasukumia maji pwani, na jedwali halihesabu upepo.

Njia ya pili ilikuwa kuzunguka kilomita 27, kisha 10 za mwisho. Kwa mwendo wa kilomita 9 au 10, ni saa nne. Wangefika gizani, wakiwa na mgonjwa aliyetoka kulala kivulini na gurudumu lenye mapengo mawili. Wakaikataa pia.

Njia ya tatu ndiyo waliyochagua: kulala palepale, upande wa huku. Tatizo lake lilikuwa maji, kwani walibaki na lita 2.2 tu kwa watu wawili. Walikuwa wamepita kisima kilomita 3 nyuma. A alichukua baiskeli ya B, akaishusha mzigo wote, akaenda na kurudi na lita 9 kwa dakika 45. Kumtuma mwenye afya kwenye baiskeli yenye afya kunaonekana jambo dogo, lakini watu wengi huenda na baiskeli zao kwa mazoea.

## Kambi

Mahali pa kwanza walipochagua palikuwa tambarare, penye mandhari nzuri, hatua nne juu ya mstari wa mwani mbichi ulioachwa na maji ya asubuhi. Walishamaliza kulisimamisha hema B alipoona mstari mwingine juu zaidi: vijiti na mwani uliokauka, hatua saba nyuma ya hema. Huo ulikuwa ushahidi kwamba bahari hufika pale. Kujaa mara mbili kwa siku si lazima kulingane, na wao walikuwa na ushahidi wa kujaa kwa asubuhi tu. Wakahamisha kila kitu hadi penye majani yenye mizizi, juu ya mstari mkavu. Kwenye mchanga kama ule, majani yanayodumu kwa kawaida hayaoti mahali panapooshwa na chumvi kila mwezi.

Saa 1:30 usiku povu lilifika pale hema lilipokuwa limesimama mwanzo na kulowesha shimo la kigingi.

Vigingi vyao vyembamba vya kawaida viling'oka kwa upepo wa kwanza. Mchanga mkavu haushiki chuma chembamba. Walijaza mchanga mifuko minne ya nguo, wakafunga kamba katikati ya kila mfuko, wakaizika kwa kina cha sentimita 40 ikiwa imelala kukingama na kamba, na kushindilia mchanga juu kwa miguu. Haikutikisika usiku kucha. Upande mwembamba wa hema uliwekwa kuelekea upepo, mlango upande wa pili. Upishi ulifanyika nje, nyuma ya mikoba, ingawa upepo uliufanya uchukue muda mara mbili: jiko ndani ya hema huleta moto na hewa ya sumu ya kaboni isiyo na harufu.

Baiskeli ziliachwa wazi. Asubuhi cheni zote mbili zilikuwa na kutu ya rangi ya machungwa, bila hata kugusa maji ya bahari. Chumvi iliyobebwa na upepo ilitosha. Kitambaa chenye mafuta kupitishwa kwenye cheni jioni, kikiwekwa mbali na diski za breki, kingezuia.

## Matokeo

Kama wangeamka wakitarajia kupita ufukweni alfajiri, wangekuta bahari imejaa. Kupwa kulikofuata kulikuwa saa 7:35 usiku, kisha kujaa karibu saa 1:50 asubuhi, na kupwa tena karibu saa 8:00 mchana, kwani kila siku saa husogea mbele kama dakika 50. Walichagua barabara ya ndani, wakaondoka saa 12:15 asubuhi kabla ya upepo, na kufika mahali walipokusudia kulala siku iliyotangulia saa 4:30. Spoki zilibadilishwa na fundi siku hiyo. Alipozikagua nyingine, nusu ya zile za kulia zilikuwa zimelegea kuliko inavyotakiwa.

## Uchambuzi

Gurudumu. Spoki haikatiki kwa shimo moja. Hukatika kwa uchovu wa chuma. Kila gurudumu linapozunguka, spoki inayopita chini hulegea kidogo na kukaza tena, na tairi ya aina hiyo huzunguka karibu mara 22,700 kwa kilomita 50. Spoki iliyolegea tangu mwanzo huchezacheza kwenye kiwiko, na hapo ndipo ufa huanzia. Mzigo uliharakisha jambo: kilo 21 kati ya 24 nyuma, juu ya gurudumu ambalo tayari hubeba sehemu kubwa ya uzito wa mwendeshaji. Kuhamisha theluthi moja au zaidi mbele, chini kwenye uma unaoshika gurudumu la mbele, kungebadilisha mambo. Tairi ya nyuma nayo ilijazwa baa 5 (kipimo cha msukumo wa hewa). Kwa barabara ya vijituta, baa 4 zingepunguza mitikisiko bila kuhatarisha tyubu.

Ukaguzi wenyewe ni wa dakika tatu: gonga kila spoki kwa kucha na usikilize. Za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Ile inayotoa sauti nzito au isiyolia kabisa imelegea. Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, ni zile kilomita 4 kati ya mlio wa kwanza na wa pili. Spoki moja ikikatika, jirani zake hubeba kazi yake papo hapo. Simama kwenye mlio wa kwanza.

Kuhusu matengenezo: spoki ya kulia ikikatika, ringi huvutwa kushoto na zilizobaki. Kukaza za kulia kunazidishia mzigo spoki zilizokwisha kuelemewa. Kulegeza za kushoto kunaondoa mvutano usio na mpinzani. Nusu zunguko ya nipeli husogeza spoki chini ya robo milimita, kwa hiyo enda polepole. Ukitazama kutoka upande wa tairi, kuzungusha kulia ndiko kukaza. Na anayebeba spoki za akiba abebe kifaa cha kaseti, au achukue spoki ya dharura ya uzi imara, ambayo hupita kwenye tundu la habu bila kufungua chochote. Spoki tatu bila njia ya kuziingiza ni uzito mtupu.

Upepo. Mpango ulihesabu mwendo wa mchana kama wa asubuhi. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake hupanda, na hewa ya baharini huja kujaza nafasi. Ndiyo maana upepo huanza kabla ya adhuhuri na kushika nguvu alasiri. Ukienda kilomita 12 kwa saa dhidi ya upepo wa 20, hewa inakupiga kwa 32. Nguvu ya hewa huongezeka kwa mraba wa kasi, kwa hiyo ni karibu mara 3 na nusu ya ile unayokutana nayo ukienda 17 bila upepo. Zile dakika 40 za umande ziligharimu zaidi ya dakika 40, kwa kuwa zilihamisha kilomita za asubuhi kwenda kwenye upepo.

Maji ya kunywa. Lita 3 kila mmoja zilitosha kwa mpango, si kwa siku yenye saa mbili za kutengeneza gurudumu juani. Mwendeshaji kwenye joto anaweza kuhitaji nusu lita hadi lita moja kwa saa, pamoja na chumvi na chakula. B alijaza tumbo maji matupu na kupoteza chumvi kwa jasho. Kisima walikiona wakakipita. Sheria nzuri kwenye safari ya aina hii ni kujaza kila chombo katika chanzo cha mwisho kabla ya kipande kisicho na kutokea, hata kama unaona umebakiwa na ya kutosha.

Muda wa mwisho. Hapa ndipo walipofanya vizuri kuliko kote, na ndipo pia palipokuwa na kosa lililojificha. Vizuri: waliuandika usiku, wakiwa wameshiba na hawajachoka, na ulimpa B, aliyekuwa dhaifu zaidi siku hiyo, kitu cha kushika mbele ya mwenzake mwenye haraka. Bila karatasi ile, mabishano yangekuwa kati ya anayetaka na asiyetaka.

Kosa: saa 8:00 ilikokotolewa kwa mwendo wa kilomita 12 kwa saa, ili wafike kijitoni ifikapo saa 8:45. Gurudumu lilipoharibika na mwendo kushuka hadi 9, kilomita zilezile 9 zikahitaji saa nzima, na muda wa kuingia ulipaswa kurudi nyuma hadi 7:45. Hawakuubadilisha. Saa 8:20 walidhani wamechelewa dakika 20, kumbe walikuwa wamechelewa 35. Kama B angepata nafuu mapema na wakafika ukingoni mwa mchanga saa 7:55, karatasi ingewaruhusu kuingia. Muda wa kuandika ni ule wa mahali penye hatari, yaani kijito, na pembeni yake umbali uliobaki, ili saa ya kuingia ihesabiwe upya kila mwendo unapobadilika.